Kisigino cha Sajenti

Vitabu vya vita ile vimejaa majenerali. Utasoma jinsi jenerali wetu, ambaye askari walimwita Kifaru, alivyoliteka Daraja la Chuma kwa siku tatu. Utasoma pia jinsi jenerali wa jirani zetu, mtu wa miwani na sauti ya upole, alivyomtoa jasho kwenye Kilima cha Mawe. Sawa, wasifiwe, wanastahili. Lakini hakuna kitabu hata kimoja kinachomtaja Gundi, na hilo linaniudhi.

Gundi alikuwa fundi viatu wa kikosi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la sare: benchi, nyundo, mkebe wa misumari, na harufu ya ngozi isiyotoka hata ukioga mara mbili. Miaka miwili ya vita alivishona viatu vya kikosi kizima, misumari mdomoni, akigombana na kila aliyeingia. "Wewe unatembea au unaipiga ardhi mateke?" aliwauliza askari. Wakacheka, wakavaa, wakaenda kupigana. Wengine walirudi, wengine hawakurudi.

Miongoni mwa wasiorudi alikuwa Sajenti, ambaye yeye na Gundi walikuwa kama chanda na pete. Asubuhi ya mapigano ya Kilima cha Mawe alipanda na watu kumi, ukungu ukawameza. Kilima kikatekwa, Kifaru akavishwa nishani, ila Sajenti na wenzake hawakuonekana, hai wala maiti. Mtu mmoja akasema aliwaona wakielekea kwa adui. Neno hilo likatosha, wakaandikwa watoro. Mke wa Sajenti akabaki na watoto watatu na aibu isiyokuwa yake.

Miaka sita baadaye, nchi mbili zimeshapatana, wachimba barabara walifukua mifupa ya watu kumi na mmoja ng'ambo ya kilima. Sare zilikuwa zimeoza, na viatu vya majeshi yote mawili vilitoka kiwanda kimoja. Tume iliyoongozwa na Kifaru, sasa mvi tupu, ikaamua kwamba hao, kwa kuwa walikutwa upande wa adui, ni wa jirani, wapelekwe kwao. Viatu vikaletwa kwa Gundi avifunge kwenye sanduku.

Akaokota kimoja cha kushoto, akahisi ni kizito kuliko vingine. Alipong'oa ngozi ya ndani akakuta chini ya kisigino kipande cha tairi, unene wa vidole viwili, alichokipigilia kwa mkono wake mwenyewe. Sajenti alivunjika mguu kule Darajani, ukaunga ukiwa mfupi. Kwa sheria alipaswa kurudishwa nyumbani. Akamwangukia Gundi, naye Gundi, kwa kumpenda, akamfichia ule ufupi kwa kipande hicho. Fundi anayefanya hivyo hufukuzwa, hakuna mjadala. Lakini kufukuzwa hakukumtisha kama kumwambia yule mama nani aliyemrudisha mumewe vitani.

Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alivaa shati safi, akaingia mbele ya tume na kiatu mkononi.

"Afande, huyu ni Sajenti wetu. Kisigino hiki nilikiweka mimi, nikijua kabisa ni kosa."

Kifaru alikigeuzageuza kile kiatu. "Ungeniambia wakati ule, ningemrudisha nyumbani."

"Najua, afande. Ndiyo maana hakutaka uambiwe."

"Na sheria juu yako unaijua?"

"Naijua tangu hujawa jenerali."

Kifaru akataka kucheka, akashindwa. Alivuta ramani, akaweka kidole pale mifupa ilipofukuliwa. Palikuwa nyuma ya mahandaki ya adui, hatua mia mbili mbele ya mahali alipofika askari wetu mwingine yeyote siku ile. Kumbe hao ndio waliomfanya adui ageuze bunduki nyuma, wengine wakapata njia ya kupanda. Mzee mzima akaweka mkono kifuani palipokuwa na nishani. Kisha akasaini barua mbili, moja ya kuwasafisha Sajenti na watu wake kumi, nyingine ya kumfukuza Gundi.

Kesho yake mchana Gundi alifungasha nyundo zake, akaenda moja kwa moja kwa mke wa Sajenti. Mama huyo alikuwa mlangoni, barua ya kumsafisha mumewe mkononi.

"Shemeji," Gundi alisema, akiangalia chini, "angekuwa nyumbani leo. Mimi ndiye niliyemtengenezea kiatu cha kurudi vitani. Nichukie tu, ni haki yako."

Gundi aligeuka kuondoka, mama akamwita.

"Nitakuchukia, shemeji, usiwe na wasiwasi," alisema. "Lakini si leo. Miaka sita wanangu wanakwenda shule wakipita kando ya kuta, wasionekane. Leo asubuhi mkubwa amesomewa hii barua. Nimesimama hapa hapa nikamwangalia. Amepita katikati ya njia."