Mikono Isiyojua Moto

Jirani yangu wa ukuta mmoja hana habari na kitambaa cha kushikia sufuria. Kifuniko chenye mvuke anakiinua kwa vidole vitupu, na viazi vya moto anavimenya huku akipiga soga. Nikichukua kitambaa changu ananicheka: "Shoga, unapika au unafua?" Kandambili humchomoka mguuni naye akaendelea na safari zake za jikoni, mpaka nimwambie, tukacheka wote. Nimepika tangu nafika kiunoni mwa mama, na mikono migumu nimeiona mingi, lakini kama ile, la.

Juzi alikuwa anamwokea mjukuu wake keki. Akaondoa birika kwenye jiko la umeme, akaegemea papo hapo, kiganja kimelalia chuma, ananisimulia vituko vya mkwewe. Mara akanusa. "Mama yangu, keki inaungua!" Akachutama, akafungua oveni. Keki ilikuwa nyeupe, katikati bado inatikisika. "Sasa kinachonuka hivi ni nini?"

Mimi nilikuwa nimeshaona. Nikamkamata mkono, nikaugeuza. Ngozi ya kiganja ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa. "Wewe! Hukusikia?"

Akakitazama kile kiganja kama cha mtu mwingine. Sauti yake, ile inayopenya ukuta, sikuipata vizuri.

"Shoga," akaniuliza mimi, "kwani kinauma?"