Mistari Iliyotaka Kuoana

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa wakati wa Mjerumani, kule Idete, kabla ya vita vya Maji Maji. Baba yangu Likupa alikuwa amevimba mguu, nikaenda mimi badala yake kupanga mistari ya pamba kwenye shamba la jumbe. Kila nyumba ilikuwa na sehemu yake, na nyapara Mfaume angekuja kukagua alasiri. Mistari ikionekana haikulingana, mwenye nyumba alilazwa chini akala hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Mgonjwa au mzima, kwake ilikuwa mamoja.

Nilipima kichwani mwa shamba kwa fimbo ya mwanzi, nikavuta kamba kuelekea mtoni, nikachomeka vigingi vya huko kwa kukisia. Kila mstari ulinyooka. Nikaridhika, ndivyo tulivyo tukiwa wadogo.

Shangazi Namahala, dada yake baba, akaniletea uji. Akatazama, akacheka.

"Wee Tulalumba, mistari yako inataka kuoana!"

"Si imenyooka, shangazi?"

"Imenyooka, nani kakataa? Hata mwanamume anayekwenda kuposa hunyooka njiani. Hebu pima huko mwisho."

Nikapima. Kichwani ilikuwa fimbo nzima, katikati pamepungua kiganja, mwisho nusu fimbo. Ningeiacha iendelee, ingekutana majini.

Kisha akatazama njia iliyokatisha shamba, ambayo nayo ilitakiwa iikate mistari kwa pembe mraba. Akachuma jani la mgomba, akalikunja, halafu akaukunja ule mkunjo juu yake wenyewe. Ile kona iliyotokea, pembe mraba kamili, akaiweka pale njia ilipokutana na mstari. Upande mmoja ukakaa, wa pili ukaacha mwanya.

"Na hii imelala," akasema. "Kunywa uji upesi."

Tukang'oa vigingi, tukafukia mashimo, tukaanza upya. Nyapara alipofika, alipima kichwani, akatembea mpaka mwisho, akapima tena. Baba alikuwa ameletwa, ameshakaa chini anangoja. Mfaume akamwambia, "Mzee, nenda kwako." Akaenda, akichechemea.

Pamba ile haikuvunwa. Vita vilipofika watu waliing'oa, iliyolingana na isiyolingana.

Nyinyi mnaosoma shuleni mnayo majina ya mambo haya. Mimi nakwambia hivi tu: mistari miwili kunyooka hakutoshi kuifanya sambamba. Pima mwanzo, pima katikati, pima mwisho. Nafasi ikiwa ile ile, haitakutana. Na ikikatana, usiulize jicho, weka kona iliyo kamili uone kama pana mwanya. Fanya hivyo hata ukiwa na hakika, hasa ukiwa na hakika, maana kosa lako anaweza kulilipia mtu mwingine kwa mgongo wake.

Mungu akujalie mkono mtulivu, mwanangu, na akupe jamaa wa kukucheka mapema.