Elder alivuta karavani na Probox, na mtoto wangu alikuwa ndani

"Kaa chini, mama Kemunto," mama mkwe alininong'oneza huku akinivuta sketi.

Sikukaa.

Mbele ya kambi yote Elder Hezron alikuwa ameshika maikrofoni, anatoa ushuhuda. Ati Ibilisi alitaka kuvuruga makambi yetu lakini Bwana akashika usukani. Watu wanasema amina. Mke wake anapunga kitambaa. Halafu akamalizia kwamba Jumapili ijayo ile Probox inapeleka ile karavani harusini Keroka, maana sasa imejaribiwa na imeshinda.

Hapo ndipo nilipochoka. Nikapaza sauti kutoka benchi la nyuma: "Elder, Bwana hakukutuma uvute karavani na Probox! Na si Ibilisi aliyewafungia watoto ndani na waya!"

Amina zilikatika palepale.

Wakuu, nawasalimu kutoka Nyamira. Miaka yote nimekuwa nikisoma nyuzi za wengine kimya kimya, leo naweka wangu. Siongezi chumvi, hii iliyoko inatosha kuninyima usingizi. Niliishia form four na sijui kuendesha hata pikipiki. Kwa hivyo kama haya mambo yameniingia mimi, hakuna dereva ana excuse.

Iko hivi.

Makambi, kwa wasiojua, ni ile wiki waumini wetu wanahamia uwanja mmoja, wanalala kwa mahema na kusali. Mwaka huu mhubiri mgeni ni mzee mwenye shida ya mgongo, kamati ikamtafutia mahali pa kulala. Elder Hezron hukodisha mahema na viti, yadi yake iko Kiogoro. Alikuwa amenunua karavani, ile nyumba ya magurudumu yenye vitanda, sinki na mapazia ya maua. Akaahidi ataivuta na pickup yake ya dizeli, double cab kubwa.

Siku ya kuhama tunafika Kiogoro, pickup haiko. Iko garage, gearbox. Mahali pake kuna Probox, kale kagari kadogo ka mizigo, imechomelewa tow bar mpya ya kuvutia, rangi hata haijakauka.

Nikamuuliza, "Elder, hii itaweza kweli?"

"Mama, wewe ni mgeni hapa? Probox imebeba Kisii nzima mgongoni!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nisiwe mwongo.

Tukapakia. Mapipa mawili ya maji kwa sababu uwanja hauna mfereji, sufuria kubwa za jikoni, mikungu saba ya ndizi. Tuliviweka mbele ya karavani. Ilipofungwa kwa gari, Probox ikakaa matako chini, taa zikaangalia juu kama kuku anayekunywa maji.

Elder akazunguka mara mbili, kisha akasema, "Hamisheni kila kitu nyuma kabisa, kule kwa dirisha la mwisho."

Tukahamisha. Gari ikainuka.

"Mmeona? Sasa imepumua!"

Wakuu, tulipiga makofi. Hilo mlikumbuke.

Gari ilijaa. Mama mkwe akapewa kiti cha mbele kama mkubwa wetu, sisi mama wanne tukabanana nyuma. Wakabaki watoto wawili, Kemunto wangu wa miaka minne na binamu yake Brian wa saba.

"Waweke kwa vitanda huko nyuma," mama mkwe akasema. "Watalala mpaka tufike kambini Ikonge."

"Mama, na kukitokea kitu?"

"Kitu gani? Wewe kila siku ni hofu tu. Nimelea saba, nyinyi wa siku hizi mtoto mmoja anawashinda!"

Nikanyamaza. Nilijua si sawa na nikanyamaza, kwa sababu sikutaka kuitwa mkaidi mbele ya watu wa kanisa. Kitasa cha mlango kilikuwa kimeharibika, Elder akaufunga kwa nje na waya. Kemunto akanipungia mkono kwenye pazia.

Mpaka Nyamira mjini hakukuwa na neno, ni polepole na milima. Tulipopita mji barabara ikafunguka kidogo, Elder akaongeza mwendo, nikasikia kiti kinavutwa kushoto, halafu kulia. Kidogo tu.

"Ni upepo," akasema.

Miti haikuwa inatikisika. Niliiangalia.

Halafu tukaanza kuteremka. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, lami inang'aa, majani chai pande zote mbili. Elder akatoa gia, akaweka free. Ndiyo, free, kwenye mteremko, ili aokoe mafuta. Gari ikaanza kukimbia yenyewe. Ule mvuto ukarudi, kushoto, kulia, na kila ukirudi ni mkubwa kuliko wa kwanza. Pale nyuma tulipokaa pakawa pepesi, kama kuna mtu anatuinua na kututupa kando.

Nikageuka nimwangalie mtoto. Dirisha la nyuma halikuwa na kitu. Barabara tupu.

Nikaona mlango wa karavani kupitia dirisha la pembeni. La pembeni, wakuu. Ilikuwa inakuja kando yetu kama gari inayo-overtake, na ule waya ulikuwa bado umefungwa.

Sijui nilipiga kelele gani. Elder akakanyaga breki na miguu yote miwili, na ndipo mambo yakaharibika kabisa. Karavani ikatupiga, gari ikazunguka, tukaingia ukingoni upande wa mlima na kusimama kwenye majani chai. Karavani ililala ubavu, gurudumu moja linazunguka hewani.

Nilitoka kwa dirisha. Mlango ulikuwa umeangalia juu. Nikapanda nikashika ule waya na vidole, haufunguki, unanikata vidole tu. Naita Kemunto, Kemunto. Hakuna jibu. Maji yanatiririka ndani, nayasikia.

Sitasahau hiyo dakika. Hata sasa nikiosha vyombo nikisikia maji yanatiririka ndani ya sinki, lazima niende nimshike mtoto.

Lori la majani chai lilikuwa nyuma yetu. Dereva wake, Omwenga, alikuja mbio na pliers akakata waya. Brian alitoka na jino limevunjika. Kemunto alikuwa chini ya godoro, lilimwangukia ndiyo sababu mapipa hayakumponda. Kitu cha kwanza kuniambia ni, "Mama, nyumba ilikuwa inakimbia."

Omwenga alingoja nimalize kulia, halafu akanionyesha kibati kando ya mlango. Kimeandikwa uzito. "Soma, mama. Hii nyumba ikiwa tupu ni nzito kuliko gari iliyokuwa inaivuta. Na nyinyi mkaongeza maji."

Nikamwambia lakini tulipohamisha mzigo nyuma gari ilipumua.

"Haikupumua. Iliinuliwa miguu. Gari ikikaa chini hivyo inakuambia mzigo umeishinda, si uufiche nyuma."

Mzigo mzito, alisema, hukaa juu ya magurudumu, mbele kidogo, ili pua ya trela iikandamize gari. Mkia ukiwa mzito lazima itapepesuka. Ikianza, unatoa mguu kwa mafuta, unashika usukani ukiwa umenyooka, hurukii breki. Mteremko ni gia ndogo. Akainama akanionyesha breki za karavani yenyewe, kutu tupu. Mnyororo wa usalama ulikuwa kipande cha blada, ule mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli.

Na mtu hapandi ndani ya trela. Hata mmoja. Hata amelala.

Sasa mnaelewa kwa nini ushuhuda ule ulinishinda. Baada ya mimi kupiga kelele, Elder alinijibu kwa upole, na huo upole ndio uliniudhi zaidi: "Mama, si watoto wako salama? Shukuru." Wazee wakaniita pembeni, ati tumalizie haya ndani ya kanisa. Nikawauliza kama bibi harusi wa Keroka ni wa kanisa letu.

Kesho yake nilienda kituo cha polisi. Afisa akaniuliza kama kuna mtu ameumia vibaya. Nikamwambia nimekuja kabla hajapatikana. Akanipa karatasi.

Kama una trela, shuka sasa hivi usome kibati chake, uje uniambie umekuta nini. Wenye kusema nimemwaibisha mzee wa kanisa, pia andikeni, nitajibu kila mmoja. Na hii ndiyo niliyoacha kituoni, neno kwa neno:

*Mimi, mama mzazi wa Kemunto, nalalamika dhidi ya Hezron, mwenye kukodisha mahema, Kiogoro. Alivuta karavani yenye uzito kupita gari lake, bila breki ya trela wala mnyororo, watoto wawili wakiwa wamefungiwa ndani kwa waya. Naomba karavani ikaguliwe na isiingie barabarani Jumapili. Mimi pia nilikosa. Niliona na nikanyamaza, naomba iandikwe.*

*Shahidi: nyanya wa watoto, aliyeketi kiti cha mbele. Amekuja mwenyewe, bila kuitwa, na ametia sahihi.*