Mke Aliyefutwa Pamoja na Mumewe

Yule bwana aliyetufundisha kanzidata, yaani kutunza kumbukumbu kwenye kompyuta, amefariki. Habari nilizipata nikiwa kwenye foleni ya samaki sokoni Tottenham, hapa London, na kabla sijafika mbele nilikuwa nimeshasikia kwamba tumepoteza mtaalamu, nguzo, taa ya jamii. Mungu amrehemu. Mimi nilikaa mbele yake Jumamosi nyingi, na taa sikuiona.

Alifanya kazi kwenye ghala moja la Barking lililoendeshwa na kompyuta ya kibiashara, kubwa kama friji, yenye skrini za maandishi ya kijani. Mwajiri alipoleta mpya, bwana aliichukua ile kuukuu, akaiweka chumba cha nyuma cha duka moja Kingsbury, akawa mfalme wake. Miaka ya tisini ilikuwa inaishia, nasi wauguzi na walinzi tukamiminika pale kujifunza, tukiota kazi za kukaa kitini. Alikuja na tai, amechelewa, akatugombeza sisi. Alichokijua alikijua nusu, na nusu hiyo aliitangaza kwa sauti kubwa.

Tulijifunzia kwenye kumbukumbu za chama chetu, kile kinachosafirisha maiti kwenda nyumbani na kusimama na wafiwa. Jedwali la kwanza lilikuwa la wanachama, yaani waume. Wake na watoto waliwekwa jedwali la pili, wamefungwa kwa namba ya baba, na aliiamuru mashine kwamba baba akifutwa, wafutwe wote walio chini yake. Nikamwuliza, "Mwalimu, na baba akifa?" Akawageukia wenzangu. "Huyu dada ana mambo! Listen, mke yuko kwenye system through mume. Mume akiondoka, unataka abaki ananing'inia wapi?" Darasa zima likacheka, maana kwetu mwalimu akicheka unacheka. Haukupita muda mrefu, muuguzi mmoja Mkenya akafiwa na mume, na katibu akamfuta marehemu kama alivyofundishwa. Baadaye mama huyo akafiwa na mtoto, akapiga simu chamani, akaambiwa hayumo. Bwana alipoelezwa alisema, "Si ajiandikishe upya? It's only a form." Mama akamzika mwanawe hapa hapa London, bila sisi. Hilo sijamsamehe hadi leo, hata akiwa jenezani.

Kamati ya chama haikuthubutu kumgusa bwana huyo. Ndivyo tulivyo hapa mjini: mtu akimiliki mashine tusiyoielewa, tunamwita Injinia, tunamwachia kiti cha mbele, na kumuuliza swali tunakuita utovu wa adabu. Kisha tunashangaa mambo yakiharibika.

Jumapili mjane wa bwana alinipigia simu akilia. "Dada, nimepiga chamani kuuliza nani anakuja matangani. Wananiambia sipo! How can I not be there? Si ni mume wangu aliyeijenga hiyo system?" Katibu, kwa bidii zake, alikuwa ameshamfuta bwana. Nilikwenda na katibu Kingsbury, ambako mashine ingali inatumika, tukaiondoa ile amri, tukampa mjane namba yake mwenyewe, na yule muuguzi pia. Katibu akauliza tuandike nini pale pa jina la mume. Nikamwambia mahali hapo hapapo tena.

Nitakwenda mazishini, kwa ajili ya mjane. Na wewe unayemwita mtu mtaalamu, muulize kwanza swali lile nililochekewa. Akicheka, mnyang'anye mashine angali hai.