Moto Niliouwasha Kwenye Ghala la Mvinyo

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kujisifu. Safari yangu ya kawaida ni kutoka mlango wa jikoni hadi kituo cha kuuzia majani chai, na siku nikijisikia jasiri, hadi sokoni Boito. Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye hubaki na boma la mama, kwa hivyo uvivu wangu ulikuwa na cheo tangu nizaliwe. Miguu alipewa ndugu yangu mkubwa. Alikaa ng'ambo miaka mingi akifanya kazi kwenye mashamba ya zabibu, na kila Krismasi Mama alimpakulia sahani yake, akaiangalia ikipoa, kisha akaniambia nimalize na hiyo.

Aliporudi, alirudi na mchoro. Angeng'oa chai ya mteremko wa chini na kujenga hapo nyumba ya kutengeneza mvinyo wa matunda damu na pasheni, na juu yake vyumba vitatu vya wageni watakaotaka kuamka wakitazama majani chai badala ya kuyachuma. Matofali yangetengenezwa kwa udongo uleule utakaochimbwa pale. Maji yangetoka kwenye paa. Ghala la mapipa lingeingia nusu ndani ya kilima, likae baridi lenyewe bila stima.

Alimwambia Mama waziwazi: nyumba hii ikisimama, harudi ng'ambo tena. Ikimshinda, atarudi, na safari hiyo hatatoa ahadi ya kuja.

Mama alifundisha watoto wa Sunday school miaka mingi na tone la pombe halijawahi kugusa ulimi wake. Alifikiria siku mbili. Kisha akaanza kuliita lile jengo "nyumba ya matunda", na mambo yakaendelea.

Msanifu alikuwa dada mmoja wa upande wa ziwani, mpole, mwenye buti kubwa kuliko zangu. Siku ghala lilipokamilika alinishika mkono akauweka ukutani.

"Ukuta huu unapumua, mzee. Mvua ikizidi utauona umetoa jasho. Usiogope, hilo jasho ndilo friji yetu."

Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ndiko nilikofaulu vizuri zaidi nilipokuwa sekondari. Nikakabidhiwa ufunguo, kipimajoto na daftari la kuandika joto la ghala kila asubuhi. Ndugu yangu alinipa jina, Meneja wa Baridi. Alikuwa ananicheka, lakini nilitembea na ule ufunguo shingoni hadi kanisani.

Mvua ndefu zikaja. Mapipa ya kwanza yalikuwa bado yanachacha, midomo imefunikwa kitambaa, na wageni wa kwanza walikuwa wanatarajiwa mwisho wa mwezi. Ndugu yangu akaenda Nairobi wiki nzima kuongea na watu wa kuleta watalii. Hapo ndipo kuta zilipoanza kutoa jasho, na si kidogo. Kona moja ikaota ukungu mweupe kama ndevu za mbuzi. Nilikumbuka maneno ya msanifu. Niliyakumbuka vizuri kabisa, na bado niliogopa.

Mama akateremka kuona, mara yake ya kwanza kuingia mle. Akagusa ukuta, akanusa vidole vyake, akaangalia huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu.

"Mahali pa moto ni wapi?"

Nikamwambia hakuna.

"Hata siku moja hamjawasha moto humu? Na mnataka watoto wa watu walale hapo juu?"

Kwetu nyumba mpya huwashwa moto kwanza, ndipo mtu alale ndani. Bila hivyo ni shimo lenye mlango. Tena kila kitu chetu kimeponywa na moshi: mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya meko, nguzo za dari haziliwi na mchwa, hata kibuyu cha maziwa husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet ndipo mursik, maziwa yetu ya mgando, ikubali. Msanifu alikuwa Kisumu, Mama alikuwa mbele yangu.

Nilibeba kuni mwenyewe. Nilichagua hata vijiti vya senetwet, nikiwaza kwamba kama maziwa yanaipenda, matunda damu yatakataa kwa nini? Mama akasali. Aliiombea misingi, paa, wageni na mtoto wake aliye safarini, akayaruka mapipa. Nikawasha, nikafunga mlango ili joto lisipotee.

Moto huo niliutunza siku tatu. Kuta zikakauka vizuri, nikajipongeza. Kipimajoto kilipanda hadi mahali nisipotaka kuangalia, na kila asubuhi niliandika kumi na sita, kwa sababu daftari lilikuwa limezoea kumi na sita.

Ndugu yangu alirudi siku ya tano tangu niwashe moto, mchana. Alifungua mlango akasimama. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa wa kuingia kidole, kutoka juu hadi chini, na mwingine ulikuwa umeanza kando yake. Alichota kidogo kwenye pipa la kwanza, akaonja, akatema. La pili vilevile. Mvinyo wote ulikuwa na ladha ya jikoni kwetu. Hakuenda la tatu.

"Nani aliwasha moto hapa?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ni mimi," Mama akasema nyuma yangu, kwa sauti ya mtu anayeitikia jina lake darasani.

Ndugu yangu alichukua daftari, akafunua. Kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyumbani," nikasema.

Mama alidhani ameniokoa. Mimi naona ndipo tulipompoteza ndugu yangu. Angejua ni mimi, angenitukana, angenirushia lile daftari, tungekosana mwezi mzima, na baadaye angeniambia nishike koleo. Lakini mtu atamrushia mama yake nini? Hasira ilikosa mahali pa kutua, ikabaki naye. Aliwaandikia wale watu wa watalii kwamba bado hajawa tayari. Chakula alikula, salamu alitoa. Kabla mahindi hayajafika magotini, alikuwa ameondoka.

Nyufa tumeziziba kwa udongo na samadi, mimi na fundi, jinsi msanifu alivyotuelekeza kwa simu. Mapipa matupu yamelala. Kila asubuhi nateremka, nasoma kipimajoto na kumtumia ndugu yangu nambari, ya kweli siku hizi. Jana ilikuwa kumi na tano. Huwa hajibu, lakini jana alijibu.

"Mama ameacha kuwasha moto humo?"

Mama alikuwa kando yangu akichambua maharagwe. Akauliza anasema nini.

"Anakusalimia."

"Muulize kama Krismasi anakuja."

Sikuuliza. Nilishika simu mpaka kioo kikazima, nikakiwasha tena, nikaandika, "Ameacha."