Saa Moja na Dakika Arobaini

Tulimwita Mama Kilomita, na jina likamkaa. Katika ofisi yetu ya kukata tiketi za ndege meza yake ilikuwa ya pili kutoka mlangoni, yangu ya tatu, kwa hiyo kwa miaka kumi na sita nilimsikia kuliko nilivyotaka. Mteja akitaja mji tu, yeye, bila kutazama kompyuta, anamtajia umbali na muda wa safari. Angekosea dakika tano angeumwa wiki nzima. Mwenyewe hakuwahi kupanda ndege hata mara moja.

Aliyemnyima usingizi ni mdogo wake, aliyeolewa mji wa mbali, akazaa pacha, akajenga. Mama yao aliishi na Mama Kilomita, lakini sifa zote zilikwenda huko. Akimkanda magoti, mama anasema mdogo wako ana mkono mwepesi.

"Mimi ndiye ninayeamka naye," aliniambia siku moja huku akigonga mihuri kwa hasira. "Yule anapiga simu Jumapili tu, basi keshakuwa malaika. Wivu ninao, sikufichi."

Kisha mdogo akapaka rangi chumba kizima, akamwita mama aende akaishi naye moja kwa moja. Mama Kilomita akamwambia mama yake kwamba safari ile ni saa saba angani, umekunja miguu, hakuna kusimama. Mama, na magoti yale, akanywea. Alilia kidogo, akakubali kubaki. Siri hiyo nilipewa mimi, na nilicheka, Mungu anisamehe.

Ikapita miezi mitatu. Alhamisi moja mama alitoka kliniki, akapitia ofisini ili warudi nyumbani pamoja, akaketi kwenye benchi nyuma ya wateja. Binti yake alikuwa ameinama anahangaika na printa, hakumwona. Mzee mmoja mwenye fimbo akauliza kuhusu mji ule ule, akasema anauhofia mgongo wake.

"Ondoa shaka, baba," Mama Kilomita akamjibu bila kuinua kichwa. "Kilomita elfu moja mia moja na ishirini. Saa moja na dakika arobaini. Soda yako haijaisha, mmeshatua."

Nilikohoa, lakini nilichelewa.

Mama alisubiri zamu yake kama mteja mwingine yeyote. Mzee alipoondoka, akajikokota hadi kwenye kiti, akaweka mkoba mapajani. Hakugomba.

"Nikatie na mimi, mwanangu."

"Mama, mimi nilitaka tu..."

"Kwa mdogo wako. Kesho kama ipo."

"Na kurudi?"

"Nimekuomba ya kwenda."

Mama Kilomita akaanza kuandika jina la mama yake, akakosea, akafuta, akakosea tena. Mama alimtazama tu, mkoba umekumbatiwa. Mwishowe tiketi niliikata mimi.