Kikohozi cha Muadhini

Mume wangu hakupata kuwa mtu mkubwa katika mji huu. Alikuwa karani bandarini, akastaafu, akabaki na kitu kimoja ambacho watu walikijua: sauti. Msikiti wa mtaa wetu ni mdogo, umebanwa baina ya nyumba mbili za ghorofa, na kutoka dirisha la jiko langu hadi pale anaposimama muadhini ni upana wa kichochoro tu. Kwa hivyo nimemsikia mara nyingi kuliko mtu yeyote. Nilikuwa nikikuna nazi, naye akianza kuadhini mkono wangu unasimama wenyewe. Sikupata kumwambia. Mwanamume ukimsifu sana hakubali tena kubeba kapu la sokoni.

Presha yake iligunduliwa kwa bahati. Alinisindikiza hospitali kwa ajili ya macho yangu, na nesi, kwa kuwa alimwona amekaa tu pale, akampima naye. Kisha akampima mkono wa pili, akaenda kumwita daktari. Tukarudi nyumbani na vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila asubuhi, maisha. "Mimi siumwi na kitu," aliniambia njiani, na kweli alikuwa haumwi. Ndiyo tabia ya presha. Inakaa ndani ya nyumba kama mgeni mstaarabu, haiombi hata maji.

Alivinywa kwa utiifu. Baada ya muda si mrefu kikaanza kikohozi. Hakikuwa na makohozi wala homa. Kilikuwa kikavu, cha kuwasha koo, kama cha mtu aliyepaliwa na unga wa pilipili manga. Kilimshika akilala chali, na kilimshika akivuta pumzi ndefu, na kazi ya muadhini ni pumzi ndefu. Mara ya kwanza kilipomkata katikati ya adhana nilikuwa nakaanga samaki. Alikohoa ndani ya spika, mtaa mzima ukasikia, kisha akaendelea mpaka akamaliza.

Mtaa ukaanza kututibu. Jirani mmoja akaleta asali, mwengine habasoda, mwengine vijiti vya urukususi vya kutafuna. Muhindi wa duka la viungo, ambaye tumezoeana tangu ujana, alinifungia tangawizi kavu na karafuu akanieleza namna ya kuchemsha. Kila aliyeonja chai ile alipona isipokuwa mgonjwa mwenyewe. Tulilaumu vumbi, tukalaumu feni na maji ya barafu, tukalaumu udi wangu wa Ijumaa, nami nikaacha kufukiza. Kidonge hatukukilaumu hata siku moja. Sisi tumelelewa kujua kwamba dawa huondoa maradhi. Hatukufundishwa kwamba inaweza kuyaleta.

Alipokwenda hospitali kupimwa tena, aliulizwa hali, akajibu kama anavyomjibu kila mtu njiani: mzima, alhamdulillahi. Daktari akafurahi kuona presha imeshuka.

"Na kikohozi umemwambia?" nilimuuliza aliporudi.

"Kule nnakwenda kwa presha," alinijibu. "Mtu keshanisaidia, nikamlalamikie tena?"

Msikitini nako hawakumwambia kitu. Mtu mzima hafukuzwi. Fundi saa anayekaa kichochoro cha pili akaanza tu kufika mapema, na mume wangu akiingia anamkuta mwenzake keshasimama mbele ya spika. "Pumzika leo, Mzee, mimi nipo." Leo hiyo ikawa kesho na keshokutwa. Mume wangu alikuwa akirudi anakaa barazani kutazama watu wanavyopita, na mimi jikoni namchukia fundi saa ambaye hakuwa na kosa lolote. Sauti yake haina ubaya. Mimi ilinikera, basi.

Ndipo alipokuja wifi yangu, dada yake mkubwa, kutoka Bwejuu, na kikapu cha pweza mkavu na hukumu ameshaikata huko huko shamba.

"Hili jicho," alisema hata kabla hajavua buibui. "Sauti ile imesifiwa kupita kiasi."

"Jicho gani linalochagua koo peke yake?"

"Wewe wa mjini, hujui kitu."

Alikuwa amekuja na chupa ya kombe. Maalim wa kwao aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya marashi, na maji yale ndiyo mgonjwa huyanywa. Mume wangu akayanywa kwa bismillahi mpaka chupa ikaisha. Mimi sina neno na kombe. Maneno ya Mungu hayajamdhuru mtu. Yaliyotudhuru ni mahesabu tuliyoyafanya baadaye.

Maana mara Ramadhani ikaingia. Kidonge cha asubuhi hakina nafasi kwa mtu aliyefunga, kwa hivyo daktari alimwambia akinywe baada ya kufuturu. Nikawa namwekea pembeni ya bakuli la uji. Siku za mwanzo alikisahau kwa haraka ya kuwahi tarawehe, akikumbuka anacheka na kusema kesho. Mwezi haujafika kati, kikohozi kikapungua, halafu kikatoka kabisa. Jioni moja fundi saa mwenyewe akampisha kwenye spika.

Mtaa mzima ulikuwa umekaa mbele ya tende, midomo imekauka. Sauti yake ikapanda nzima, ikakaa juu pale anapopenda kuiweka, kisha akaishusha taratibu kama mtu anayeteremka ngazi za kwao. Nilisahau kufungua. Nilikaa na tende mkononi nalia, kwa furaha tupu. Wifi yangu nilipompigia simu alisema, "Nlikwambia nini?" na mimi nikampa haki yake.

Tangu siku hiyo kidonge hakukigusa tena. Alikuwa akikisukuma kwa kidole chini ya ukingo wa sahani, kama mtoto anayeficha mfupa.

"Kunywa dawa yako."

"Nshakunywa. Ya Bwejuu."

"Ile ya koo. Hii ya presha."

"Mke wangu, kilichokuwa kikinisumbua ni kimoja. Jicho likitoka hutoka na vyake vyote. Nnajiona mzima kuliko nlivyokuwa nkinywa vidonge."

Na ugumu ulikuwa hapo, kwamba alikuwa anasema kweli. Alikuwa amenawiri. Alikuwa anapata usingizi, anapanda ngazi zetu hizi za mbao zilizosimama wima huku akinitania mimi kwa kuhema. Nilimgombeza, nikanuna, nikamtilia kidonge ndani ya uji. Akakitema kiganjani, akanirudishia kwa adabu zote kama mtu anayerudisha chenji. Nilikuwa na neno la daktari ambaye hayupo, na yeye alikuwa na afya mbele ya macho yangu. Sikumuweza.

Idi ikaja. Asubuhi alikoga, akavaa kanzu mpya, akaongoza takbira msikitini, na mimi dirishani nikamfuatisha kwa sauti ndogo. Aliporudi nilimkatia halua nikammiminia kahawa. Alinyoosha mkono wa kulia kuchukua kikombe, mkono ukapita pembeni. Akautazama kwa mshangao, akajaribu tena, ukapita tena. Akafungua mdomo kuniambia kitu. Mdomo ulikwenda upande mmoja, na kilichotoka hakikuwa neno.

Hospitali tulipokewa na daktari mwanamke, umri wa mwanangu wa mwisho. Aliniamkia vizuri, akaniuliza mgonjwa alikuwa akitumia dawa gani. Nikampa paketi, nikamweleza yote: kikohozi, kombe, Ramadhani. Akaigeuza ile paketi, akasoma jina la dawa.

"Bi mkubwa, kikohozi kile kilitokana na hiki kidonge," alisema. "Kinawapata baadhi ya watu. Angetwambia, tungembadilishia. Zipo nyengine hazikohozi."

"Kubadilisha tu?"

"Kubadilisha tu."

Nilitaka mtu wa kumgombeza, nikatafuta, nikakosa. Wifi yangu alimpenda mdogo wake. Fundi saa alimstahi mkubwa wake. Mume wangu aliona haya kumlalamikia mtu aliyemsaidia. Kikohozi kile kilipigiwa spika, kila aliyepita njia alikisikia, isipokuwa daktari. Niliumia hata nikashindwa kulia, nikamuomba yule binti maji ya kunywa.

Sasa anakunywa dawa nyengine, asubuhi, namtilia mdomoni mwenyewe. Kweli haikohozi. Kifua chake kimya siku nzima, na mimi nimefikia hali ya kukitamani kikohozi kile, maana kilikuwa sauti. Maneno hayajarudi. Mguu umerudi kidogo, mkono wa kulia bado. Wifi yangu huja kila akipata nafasi, hukaa miguuni pake akamkanda kwa mafuta ya karafuu, na habari ya jicho hajaitaja tena wala mimi sijamkumbusha.

Fundi saa ndiye muadhini wetu. Akianza, mume wangu hutuliza macho yake, hutazama dirisha, na mkono wa kushoto hupanda polepole mpaka sikioni, kama alivyokuwa akisimama mwenyewe pale mbele ya spika. Midomo yake hucheza. Mkono wa kulia hubaki mapajani. Basi mimi huacha ninachokipika, nikafuta mikono kwa kanga, nikaunyanyua ule wa kulia nikauweka sikioni pake, nikaushikilia hapo mpaka fundi saa amalize.